Mimba wiki 30, kinena kinauma kama mifupa inaachana, ni homoni kweli?

MamaKijacho: Habari zenu wapendwa, nina mimba ya pili wiki 30 sasa, shida yangu ni maumivu hapa mbele kwenye kinena, nikigeuka kitandani nasikia kabisa kitu kinalia ko!, na kupanda daladala ndo balaa, nikinyanyua mguu mmoja tu nataka kulia. Kliniki wamesema ni homoni nitazoea. Hivi homoni inaingiaje kwenye mifupa jamani? Na viatu vyangu vya 39 vinabana wakati miguu haijavimba.

FizioMtaani: Pole dada. Mfupa hauna neno, ishu ni kano zinazoshikilia mfupa na mfupa. Ukishika mimba ovari inatoa homoni inaitwa rilaksini, inalegeza kolajeni, zile nyuzi zinazofanya kano ziwe ngumu. Hapo mbele mifupa huwa imeachana milimita 4 au 5 hivi, mimba inaongeza 2 au 3 mtoto apate njia. Ila mi sipendi kila kitu kusukumiwa homoni, rilaksini inapanda sana miezi mitatu ya kwanza halafu inashuka, we umeanza kuumia tumbo limeshakua, kwahiyo uzito upo na misuli ya nyonga imezidiwa, na hiyo misuli mazoezi yanaisaidia. Ukigeuka kitandani banisha magoti, mto katikati, na nguo ya ndani vaa umekaa.

BintiTanga: Viatu sahau shoga 😂 mi nilitoka 38 nikaenda 39, mtoto yuko chekechea na mguu haujarudi, unyayo unashuka. Mama mkwe alikuwa ananifunga kanga kwenye nyonga, inashika kweli.

FizioMtaani: Kanga sawa, ila ikae chini ya tumbo, isilibane.

Kibopa_jr: wife alipewa diklofenaki duka la dawa akapona fasta

FizioMtaani: Mkuu hapana!! Kuanzia wiki 20 hizo dawa zinaweza kugusa figo za mtoto, maji yanayomzunguka tumboni yakapungua, na miezi ya mwisho kuna mshipa karibu na moyo wake unaweza kufunga kabla ya wakati. Panadol basi. Na dada, ukiona damu, au maumivu yanakuja na kuachia kwa vipindi, au mkojo unachoma, hiyo sio kano, wahi hospitali.

MamaKijacho: Asante sana kaka, mkojo uko sawa. Hayo mazoezi ni yapi sasa, niyaanze hata leo?