Yule wa jana usiku hapa Mtwara anirudishie 10,000 yangu!

Mwana Mikindani: Wakuu, sijalala. Simtaji, mnamjua wote, yule msanii aliyezungusha gari la matangazo mjini siku tatu, "laivu, laivu!" Nimetoka Mikindani na mke wangu, mshikaki kwenye bodaboda, kiingilio 10,000 kila kichwa, kumbe tunakwenda kuangalia mtu anakunywa maji!

Amekunywa maji wakuu. Katikati ya kiitikio, chupa mdomoni, shingo juu, na sauti yake inaimba tu, tena pale pa juu kabisa. Hata bata akinywa maji ananyamaza!

Biti sikatai, si kila msanii ana bendi. Weka ala kwenye flashi, sauti toa mwenyewe. Huyu kaweka mpaka pumzi. Kinanda nimekichungulia, waya unaning'inia haujachomekwa popote, na mpigaji anatoka jasho! Bendi ya Msondo wapo tangu 1964, tarumbeta wanapuliza kwa mapafu yao. Wapiga sindimba wetu wanakoka moto kukaza ngozi za ngoma. Yeye anakunywa maji! Chupa ya lita moja na nusu, kaimaliza!

Pweza Mkavu: Pole. Ila ulikaa mpaka mwisho.

Mwana Mikindani: Nilikuwa nangoja apaliwe. Hakupaliwa!

Binti Shangani: Nilikuwa mbele kabisa. Kapiga kelele "Mtwaraaa mpooo?" na hapohapo sauti yake inaendelea na beti. Ana makoo mawili yule.

Kangomba Mstaafu: Si jambo geni. Milli Vanilli, wale waimbaji wawili, mwaka 1989 kanda iliwakwamia jukwaani huko Marekani, ikawa inarudia maneno yaleyale. Mwaka 1990 wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy.

Mwana Mikindani: Na huyu wetu tumnyang'anye nini, chupa?

Lindi Kwetu: Nyie wenu angalau alifika. Huku tulikata tiketi, tukaletewa video ya kuombwa radhi.

Pweza Mkavu: Watu wa Lindi kila uzi lazima mpate msiba wenu.

Kangomba Mstaafu: Tuacheni muziki. Salfa, dawa ya mikorosho, imefika kwenu? Mikorosho yangu imeanza kutoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga ushaingia.

Binti Shangani: Baba kapata mifuko miwili tu, shamba ekari sita.

Kangomba Mstaafu: Miwili! Itatosha mistari mingapi hiyo?

Mwana Mikindani: Jamani, yale maji!

Lindi Kwetu: Ya bomba? Huku wiki ya pili hayatoki.