Mrejesho: deni la masomo na mshahara wa kwanza

Ndugu zangu, asanteni sana. Miezi 8 iliyopita niliwauliza nitalipaje mkopo wa masomo kwa mshahara wangu wa kwanza. Nilifuata ushauri wa kutenga robo ya mshahara siku ileile unapoingia, kabla sijagusa chochote. Huo ndio ulioniokoa, maana zamani nikisubiri mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Kuandika kila matumizi kulinishinda wiki ya 3. Mwezi wa 5 wa kulipa niliugua, nikalipa kiwango cha chini tu, iliniuma. Mkilipa cha ziada, ombeni kwa maandishi kipunguze deni lenyewe, yaani kiasi mlichokopa, kisije kikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao. Theluthi ya deni imeshaondoka, na bado nalipa.