MJADALA: Robin Szolkowy ana damu ya Tanzania. Medali zake zinatuhusu nini?

MWENYE MADA (Ngamiani, Tanga):
Wagosi na wageni wetu, salaam. Jana jioni kijiweni, kahawa ikiwa bado ya moto, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha mwanamume na mwanamke wanateleza kwenye barafu. Mwanamume akamshika mwenzake kiunoni, akamrusha. Binti akazunguka hewani kama pia, akatua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, akaendelea na safari yake. Vikombe vikapoa mikononi mwa watu. Kisha kijana akasema, "Huyo kaka, baba yake Mtanzania." Basi, kila mtu akawa na kauli. Mzee wetu mmoja akajipiga paja: "Wetu huyo!"

Anayezungumzwa ni Robin Szolkowy. Kazaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, mwaka 1979, mama Mjerumani na baba Mtanzania. Jina alilipata akiteleza kwa jozi na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, mazoezi yao yakiwa Chemnitz. Ubingwa wa dunia mara tano: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Olimpiki wana shaba mbili, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Yote hayo chini ya bendera ya Ujerumani.

Swali: tuna haki ya kusema "wetu"? Na je, uraia pacha uruhusiwe ili kesho mwingine wa aina hiyo avae bendera yetu?

Msimamo wangu nautoa mapema, msije mkasema nimejificha. Hatuna haki. Medali ni ya aliyemwamsha mtoto alfajiri akamlipia uwanja. Sisi hapa barafu tunayoijua ni ile ya soko la samaki la Deep Sea, mapande yanayopasuliwa kwa nyundo na kumwagwa juu ya vibua. Huyu mtu hatukumnunulia hata kamba ya kiatu. Kuja leo kumdai ni mambo ya mjomba asiyeonekana hospitalini wala msibani, akatokea siku ya mahari.

WA CHUMBAGENI:
Umekaza kamba mno, kaka. Nani kasema tunadai medali? Mtu akisema "wetu" anafurahi tu. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth, Uingereza, na akivaa jezi ya Taifa Stars hakuna anayeuliza kalelewa na nani. Mbona huko hukufungua mada? Halafu wahenga walishasema, mkataa kwao mtumwa.

MWENYE MADA:
Mnoga kaivaa jezi yetu mwenyewe, akacheza. Huyu wa barafu hakukataa kwao, kaka, maana hata kuitwa sidhani kama aliitwa. Na tungemwita aje kutelezea wapi? Nairobi angalau wana barafu pale Panari, ndani ya hoteli. Sisi tungempeleka Mkwakwani, kwenye uwanja wa mpira.

DADA WA MUHEZA (yupo Ujerumani):
Asalaam alaikum. Kaka zangu, mnagombea medali za watu, mimi nina watoto wawili ndani ya nyumba.

Kwa sheria yetu, mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania ni raia kwa kurithi. Lakini kama ana uraia mwingine, akifika miaka 18 inabidi achague. Achague! Huyu wangu mkubwa anatimiza mwakani, na asubuhi hii kashindwa kuchagua koti. Shule yake huku, rafiki zake huku, pasi anayosafiria ya huku. Akichagua huku, shamba la machungwa la bibi yake hatalishika kama mwenyeji, kwa sababu asiye raia ardhi yetu kwa kawaida anaipata kwa njia ya uwekezaji. Sasa mtoto awekeze kwenye michungwa aliyoipanda babu yake?

Najua Serikali imeleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio nje, badala ya uraia pacha. Tumeshukuru. Ila hadhi ni hadhi, uraia ni uraia. Bibi yake kila nikipiga simu anauliza kama mtoto anakula muhogo. Anakula. Anaula kwa tomato sosi, Mungu amsamehe, lakini anaula.

Kwa hiyo mimi nasema uraia pacha uje, ila usije kwa mgongo wa michezo. Mkianza na medali, mtawafungulia wenye medali peke yao. Wanangu hawarushi mtu wala hawarushwi. Mmoja anapenda kuchora, mwingine analala tu.

WA MAKORORA (shabiki wa Coastal Union, damu):
Dada kanigusa. Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipewa uraia, mnakumbuka tulivyowaka? Uhamiaji wakasema sheria ilifuatwa, na mimi sibishani na Uhamiaji. Ninachosema ni hiki: hao hawana bibi Muheza. Mwenye bibi Muheza anaambiwa achague, mwenye mguu mzuri anakaribishwa ndani. Mlango ni mmoja, wa kwetu anautokea, mgeni anauingilia. Hapo ndipo panaponiuma, na simlaumu mchezaji hata kidogo. Nami ningekuwa na mguu ningeomba.

MWALIMU WA MICHEZO (Bagamoyo):
Naona mada nzima inamhusu mwanamume. Binti mmemsahau, na kesi ya uraia hasa iko kwake.

Savchenko mwaka 2002 aliiwakilisha Ukraine kwenye Olimpiki akiwa na mwenzake mwingine. Jozi ikavunjika. Mchezaji wa jozi hana kazi ya peke yake, ndugu zangu. Mwenzio akiacha, wewe ni mvuvi uliyebaki na ngalawa ya tengo moja: bahari ipo, upepo upo, huendi. Akahamia Ujerumani, akaanza upya na Robin. Sasa, kwenye ubingwa wa dunia inatosha mmoja wenu awe raia wa nchi mnayoiwakilisha. Olimpiki haikubali hilo, wote wawili lazima wawe raia. Basi uraia wa Ujerumani akaupata mwishoni mwa 2005, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Torino. Wakashika nafasi ya sita.

Baada ya msimu wa 2014 Robin akatundika viatu. Aljona ana miaka 30, shaba mbili kabatini, hana mwenza. Watu wengi pale wangeanza kufundisha watoto. Yeye akamchukua Mfaransa, Bruno Massot. Ufaransa ikachelewa kumwachia aiwakilishe Ujerumani, msimu mzima ukapita hawaruhusiwi kushindana kimataifa. Walipomaliza hilo likaja la uraia, na mtihani wa Kijerumani ukamsumbua Bruno kweli kweli. Alifeli kwanza, akarudi kusoma. Uraia aliupata mwishoni mwa 2017, Olimpiki ya Pyeongchang ni Februari 2018. Programu fupi wakawa wa nne. Siku ya pili wakapata alama 159.31, wakawapita Wachina kwa alama 0.43 kwa jumla. Dhahabu. Aljona ana miaka 34, Olimpiki yake ya tano.

Ukraine ilimzaa, Ufaransa ilimlea mwenzake, wimbo wa taifa ukapigwa wa Ujerumani. Nani aseme "wetu"?

Mimi naona kwa watu hawa uraia ni kifaa cha kazi, sawa na kile chuma kilichoko chini ya kiatu. Kina unene wa milimita 4 hivi, na bila hicho huingii uwanjani. Sioni aibu mchezaji kuomba uraia, wala nchi kumpa. Ila Bruno aliketi darasani akalia na sarufi ya Kijerumani. Hilo la kuketi darasani ndilo ningelitaka na kwetu.

WA CHUMBAGENI:
Mwalimu, tukiweka mtihani wa Kiswahili nusu ya vijana wa hapa mjini watapoteza uraia. Wanavyoandika "xaxa" na "cjui"! Na huku ndiko tunakojisifu tunasema Kiswahili kilichonyooka.

DADA WA MUHEZA:
Wangu watafaulu. Kiswahili chao ni cha bibi yao, hata kutukana wanatukana kwa adabu.

Mwalimu, neno lako la kifaa cha kazi nimelielewa, ila kwangu mimi halifai. Aljona alikuwa mtu mzima, akajua anachobadilisha na anachopata. Mwanangu atabadilisha nini? Hana mashindano Februari. Anataka tu akishuka uwanja wa ndege pale Dar asisimame foleni ya wageni na mimi nimesimama ya wenyeji. Mwaka jana tulitenganishwa hivyo, akanipungia mkono kutoka kule kama anasafiri.

WA MAKORORA:
Dada, hiyo foleni ungeitaja mwanzo. Ingetosha.

MWENYE MADA:
Nimesoma yote. Kwa upande wa uraia Dada wa Muheza kanihamisha, nakiri. Nilichanganya mambo mawili, mtoto na medali, na mtoto alipaswa kutangulia. Mwalimu, la mtihani nakuunga mkono. Ila kwenye "wetu" sijahama hata hatua.

Leo alasiri nikarudi kijiweni. Mzee wa jana akataka video tena, kijana akamwekea ya Sochi 2014. Mwisho kabisa wa programu, wenzao wanapofanya vitu vyepesi, hawa waliweka Axel ya kurushwa. Ndio mruko pekee ambao mtu huondoka akitazama mbele, kwa hiyo ile inayoitwa ya mitatu ni mizunguko mitatu na nusu. Binti akaruka, akazunguka, akaanguka.

Mzee akanishika mkono. "Mbona hajamwinua?"

Nikamwambia muziki hausimami, kila mtu hujiinua mwenyewe wakamalizia.

Akatazama mpaka mwisho. "Ikawaje?"

"Hapo shaba. Mwezi uliofuata, Japani, wakachukua dunia mara ya tano."

Mzee akarudisha simu, akapapasa mfuko wa kanzu akitafuta hela ya kashata. "Wetu," akasema.