Marekani 2028: nani mzigo wake mwepesi? Tumebishana barazani mpaka kahawa imepoa

Mkaa Baraza (Unguja Mjini)

Assalam alaykum jamani. Jana baada ya Alasiri hapa kwetu Michenzani lilizuka zogo si la kawaida, dhumna ikaachwa mezani watu wanagombania uchaguzi wa Marekani wa 2028 utasema sisi ndo wapiga kura. Kuna mzee wetu mmoja, namstahi sana ila akishika lake hashikiki, yeye keshamchagua Mamdani, yule meya mpya wa New York. Hoja yake kijana kazaliwa Kampala, Muislamu, na wali anakula kwa mkono. Nikamwambia mzee wangu huyo hawezi kugombea, akanijia juu, "mbona Obama baba yake Mjaluo na kapita?" Kaahidi nikimletea ushahidi atanunua halwa ya Wete kilo mbili.

Sasa naomba mambo mawili. La Mamdani nilimalize, halafu hawa wanaotajwatajwa, Vance na Rubio wa chama cha Trump cha Republican, na Wademokrati Newsom, Kamala, Shapiro, Buttigieg, nani ana sifa za kweli na nani ana mzigo utaomlemea njiani? Mie binafsi namuona Newsom maana ndo anaemjibu Trump bila kumung'unya maneno, ila nshaambiwa nimedanganywa na nywele.

Kahawa Chungu

Waalaykum salaam. La Mamdani dogo hilo. Katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa, umri usipungue 35, na awe kaishi nchini miaka 14. Obama kazaliwa Hawaii 1961, baba yake hata angekuwa wa Makunduchi isingedhuru kitu. Ted Cruz kazaliwa Calgary, Canada, na bado akagombea 2016 kwa vile mama yake Mmarekani. Mamdani kazaliwa 1991 mama Mhindi baba Mganda, uraia kaupata 2018, basi mlango umefungwa kama ulivyofungwa kwa Schwarzenegger, mtu kawa gavana wa California lakini kazaliwa Austria. Kachukue halwa yako. Na mzee akigeukia kwa Trump mwambie kuna marekebisho ya 22 ya katiba, tokea 1951, mtu hachaguliwi zaidi ya mara mbili.

Newsom sasa. Novemba 2020 watu wamefungiwa ndani kwa korona, yeye gavana wa California anawaambia msikusanyike, mara zikatoka picha yumo kwenye mkahawa wa bei mbaya anasherehekea bethdei ya rafiki yake, barakoa hana. Mwaka uliofuata wakataka kumng'oa, ikapigwa kura Septemba akabakishwa kwa asilimia 62 hivi, kwa hiyo si mtu wa kuanguka ovyo. Lakini California nyumba hazishikiki kwa bei na watu wanalala kwenye mahema kando ya barabara. Wapinzani wake hawana haja ya kutafuta la kumsema, wanafungua droo tu.

Mpemba wa Ohio

Mie nipo Columbus mwaka wa kumi na moja huu naendesha trela, uraia nnao na kura napiga, niruhusuni niseme. Nyie mnatizama mtu na huku watu wanatizama ramani. Rais hapa huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, zipo 538, anaefika 270 ndo kapita. 2016 Hillary kamzidi Trump karibu kura milioni 3 nchi nzima na akabaki anaangalia. Kamala 2024 kapata 226 mwenzake 312, na yale majimbo saba ya kugombaniwa hakupata hata moja, hata moja jamani. Sifa anazo, kawa mwanasheria mkuu wa California, seneta, makamo wa rais, na kampeni kapewa siku 107 tu Biden alipojitoa ambazo hapa hazitoshi hata kujulisha jina. Mzigo wake ni lile jibu. Oktoba ile kaulizwa kwenye televisheni angefanya nini tofauti na Biden, akasema hakuna linalomjia akilini. Nilikuwa nimesimama kujaza mafuta Toledo, televisheni ya ukutani inarudia kipande hicho hicho, mzungu mmoja mbele yangu kwenye foleni na katoni ya mayai mkononi akaangalia bei ya mayai, akaangalia televisheni, akacheka kwa pua. Nikajua hapa pamekwisha.

Kwa mie mwenye ramani ni Shapiro, gavana wa Pennsylvania. Pennsylvania peke yake ina kura 19, na ugavana 2022 kaushinda kwa pointi karibu 15. Juni 2023 lori la mafuta liliwaka moto chini ya daraja la barabara kuu ya I-95 pale Philadelphia, daraja likaporomoka, sisi wa matrela tukasema huu mwaka mzima tunazunguka. Siku 12 njia ikafunguliwa, walijaza kokoto nyepesi za chupa zilizosagwa wakamwaga lami juu! Kwetu nikija likizo mtaro mmoja naukuta ulivyo na naaga nauacha ulivyo, basi niacheni nimsifu mtu.

Beshear gavana wa Kentucky pia msimdharau, Mdemokrati kashinda mara mbili jimbo ambalo Trump kalichukua kwa pointi 30, tatizo ukimtaja watu wanauliza nani. Buttigieg anazungumza vizuri kuliko wote ila 2020 kwenye mchujo wa chama kaongoza Iowa, kufika South Carolina kwenye wapiga kura weusi wengi kapata asilimia 8 hivi ya kura zote. Ndo basi.

Bi Mkarafuu (Chake)

Mwanangu wa Ohio umesema mengi ya maana ila kuhusu Shapiro umepita kama mtu anaeruka dimbwi. Mbona hukuitaja Ghaza? Ugavana wake mzuri sawa, lakini alivyowasema wanafunzi walioandamana wakati wa vita, wengi hawajasahau. Na usinambie Ghaza haihesabiki kwenye ramani yako. Michigan Februari 2024 zaidi ya watu laki moja kwenye mchujo wa Wademokrati walimnyima kura Biden wakajiandika hawana mgombea, Novemba Kamala kalikosa jimbo lile kwa kura elfu 80 hivi. Hesabu hiyo hata mie wa darasa la saba skuli ya shamba naiweza.

Lakini na mie nna mtihani wangu. Bush yule wa vita vya Iraq, msikitini Ijumaa tukimuombea dua mbaya, ndo yeye 2005 kaanzisha ule mpango wa malaria. Wakaja kupuliza dawa majumbani, tunatoa magodoro na makapu ya karafuu nje tunakaa chini ya mwembe tunasubiri harufu iishe. Chandarua nnacholalia hadi leo kilikuja na kibandiko, msaada wa watu wa Marekani, maandishi yameshafifia kwa kufuliwa. Wanangu wakubwa walikuwa wakikosa skuli kwa homa kila mvua za masika, wajukuu wangu hawaijui. Sasa Rubio, mtoto wa wahamiaji wa Kicuba, msomi, kawa seneta 2011 hadi 2025 kisha waziri wa mambo ya nje wa Trump, lugha mbili, ukimsikia unasema huyu mtu kamili. Na USAID, lile shirika la misaada la Marekani, limefungwa Julai 2025 mikononi mwake. Mie nimpime kwa lipi, kwa ufasaha au kwa chandarua?

Kijana wa Jaws Corner

Bi mkubwa shikamoo. Rubio keshasema Vance akigombea atamuunga mkono, kwa hiyo mzigo wenyewe ni wa Vance. Kijana, kazaliwa 1984, kakulia kwenye shida Ohio, anajua kubishana. Ila 2016 maneno aliyokuwa akimsema Trump hata adui hayasemi, leo ndo makamo wake, kageuka kama chapati. Na umakamo si ngazi kama mnavyodhani. Gore 2000 alikuwa makamo kashindwa, Kamala kashindwa, wa mwisho kutoka umakamo moja kwa moja na kushinda ni Bush mkubwa 1988, kabla yake urudi hadi Van Buren 1836. Makamo anabeba bei za bwana wake, mayai yakipanda ni yake.

Halafu kilo mbili za halwa kwa kubishana, hiyo si kamari?

Mpemba wa Ohio

Bi mkubwa umenishika, kweli niliruka dimbwi. Gereji kwetu Ghaza hawaitaji, wanataja kodi ya nyumba na bima, ila ndugu zetu wa Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi, ni kweli waliitaja na ikaonekana. Bado nasema Shapiro anashinda Novemba, ila mchujo ndo sijui atapita vipi.

Mkaa Baraza (Unguja Mjini)

Ahsanteni sana. Newsom nimemuweka pembeni kidogo, nywele zake na zibaki. Kamari si kamari, mzee kasema zawadi na mimi sikuweka kitu.

Nimempelekea jawabu leo, nimemsomea ya Calgary, ya Austria, ya 2018, kanisikiliza kimya mpaka mwisho, kavuta kahawa yake. Akasema basi vizuri zaidi, kijana arudi Kampala agombee kule kule. Watu wakaangua kicheko. Halwa nikamkumbusha, kanambia mpaka msimu wa karafuu.