Muvi za dunia iliyoharibika: zinatuamsha au zinatulaza? Wana Dodoma tujadiliane

Mleta mada, Nkuhungu

Wakuu, salaam.

Nina hoja moja na najua itawaudhi wapenda muvi. Zile picha za siku zijazo zilizoharibika, ambamo mashine zimeshika usukani, maji yamekauka, watawala wanakuona hadi chumbani na watu wamegawanywa wa juu na wa chini, zina wapenzi wengi mno hapa mjini. Wanachuo wanagawiana kwenye flashi, na kwenye vibanda umiza zinaoneshwa zikiwa zimeshatiwa sauti ya Kiswahili. Sina neno na starehe ya mtu. Ninachopinga ni huu usemi kwamba zinafumbua macho, hadi wapo wanaotaka zioneshwe mashuleni ili watoto wajue habari za mazingira na udikteta. Mimi naona zinatugeuza shingo tuangalie upande ambao hatari haitokei.

Chukueni Terminator ya pili, ya 1991. Mle ndani tarehe ya maangamizi imetajwa kabisa: 29 Agosti 1997. Siku hiyo mashine zinafyatua makombora na dunia inaungua. Tarehe ikafika, ikapita. Kilichokuja miezi michache baadaye ni mvua ya El Nino ya 1997/98, iliyobomoa barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi. Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyojaza maji chini ya ardhi pale Makutupora, kwenye visima ambavyo mji huu umevitegemea kwa miongo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za visima vile. Walionesha kwamba maji ya chini hayajazwi kila mwaka mvua inaponyesha. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, na miaka mingine tunachota tu.

Kwa mtu wa Dodoma hiyo ndiyo habari ya kutisha. Kisima kinashuka taratibu, mji unapanuka, wizara zimehamia, vyuo vimejaa, na hakuna hata mlipuko mmoja. Hakuna wa kumpiga risasi. Nionesheni muvi iliyojaza ukumbi kwa habari ya namna hiyo.

Halafu kuna suala la stelingi. Sote tunajua stelingi hafi. Yupo mmoja, amezaliwa na nyota yake, na wengine kazi yao ni kumsubiri atokee. Matrix ya 1999 ndiyo iliyokomaza ugonjwa huu. Kijana akitoka pale amejifunza kusubiri, na anaona amejifunza mapambano.

Nawasilisha.

Mpenda muvi, Iyumbu

Mleta mada, naomba nitofautiane nawe mapema kabla watu hawajakupigia makofi.

Mei 2014 jeshi lilipindua serikali Thailand. Waandamanaji wakaanza kuinua vidole vitatu, ishara waliyoitoa kwenye Hunger Games, muvi iliyotoka 2012. Watawala wa kijeshi wakaanza kukamata watu kwa ajili ya vidole. Novemba mwaka huo huo sehemu nyingine ya muvi hiyo ilipotoka, kuna kumbi za Bangkok zilizofuta maonesho. Jeshi lilipochukua nchi Myanmar mwaka 2021, ishara ile ile ikaonekana tena, wauguzi na madaktari wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuiinua. Sasa niambie: muvi inayolaza watu inawezaje kumnyima usingizi jenerali mwenye vifaru?

Na hilo la kwamba utabiri wao haukutimia, mbona ni dogo? Blade Runner ya 1982 iliweka kisa chake Los Angeles, Novemba 2019, na magari yanayopaa. Magari hatukuyaona. Lakini kampuni moja yenye jengo kubwa kuliko majengo yote, inayojua mambo yako kuliko unavyojijua? Hilo halihitaji mtabiri tena. Ukihukumu muvi kwa vifaa vyake utakosa kilichomo.

Fundi pikipiki, Chang'ombe

Mimi Mad Max naangalia injini, falsafa nawaachia ninyi. Ile ya 2015 walipigia jangwani Namibia, na magari mengi mle ni ya kweli, yameungwa na mafundi, hayakuchorwa kwenye kompyuta. Heshima yao.

Ila yule mzee aliyekalia koki ya maji huku watu wako chini na mabeseni, nilimtambua mara moja. Wa mtaani kwetu anaendesha boza.

Mtumishi, Mtumba

Fundi umeniua 😂

Nichomekee utani mmoja. Hunger Games inahusu makao makuu yanayoishi kwa jasho la wilaya. Sisi Dodoma tulikuwa ile wilaya ya mwisho miaka yote, watu wa Dar wakituuliza kama tuna umeme. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, kuhama kwenyewe kukashika kasi 2016, mji ukawa jiji 2018. Leo treni ya umeme inaingia kutoka Dar tangu 2024, na sisi ndio tuko upande wa wenye mavazi ya rangi, wale wa makao makuu ya kwenye muvi. Mleta mada anasema muvi hizi zinatugeuza shingo. Mimi ile ilinifanya nijitazame. Niko upande gani wa treni?

Mwalimu mstaafu, Kongwa

Vijana wangu, nimesoma yote, nami niseme kidogo. Mtanivumilia, wazee hatuandiki kwa ufupi.

Mleta mada analalamika kwamba vijana wanalishwa hofu. Mimi nimeishi mahali palipoangamizwa na matumaini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kwamba hapa Kongwa patalimwa karanga kwa mashine, mamilioni ya ekari kwenye mpango mzima wa Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa mengi, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya kivita. Ilikuwa ndoto ya siku zijazo hasa, kama zile muvi za furaha ambazo kila kitu kinang'aa. Mbuyu ukavunja mashine. Udongo wetu kiangazi ukakauka ukawa mgumu, karanga zikakataa kung'oka. Mvua ikafanya inavyofanya Ugogo siku zote. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimefutwa vitabuni. Ardhi ile sasa sehemu yake ni ranchi ya ng'ombe.

Katika mpango ule kulikuwa na wahandisi, wahasibu na wanajeshi wastaafu. Hakuna aliyepewa kazi ya kukaa pembeni na kusimulia namna mambo yanavyoweza kuharibika. Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia bure, hawakumuuliza. Kwa hiyo mtu akiniletea hadithi inayosema "huu mpango wenu mzuri unaweza kutuua", namkaribisha, hata akiwa ametoka Hollywood na ana roboti.

Na msidhani hadithi za aina hii zimeletwa na wageni. Wazee wetu walisimulia Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Ilisimuliwa ili itishe. Mtoto aliyeisikia hakuacha ghala likae tupu.

Mleta mada, Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa, na nafurahi umeitaja Mtunya kwa sababu inanisaidia mimi.

Msimulizi wa Mtunya anakutajia nani alichukua nini. Jeshi, ng'ombe, nafaka, wapagazi, kisha ukame. Ukimaliza kusikiliza unajua njaa ile ilivyotengenezwa, hatua kwa hatua. Muvi nyingi ninazozizungumzia zinaanza mambo yakiwa yameshaharibika. Maandishi mawili meupe kwenye kioo cheusi, "baada ya vita kuu", basi, tunaingia jangwani. Namna dunia ilivyofika pale, ambayo ndiyo ingetufaa, imerukwa kwa sababu haina mbio za magari. Watoto wakioneshwa Kongwa yako mwalimu, kikao kwa kikao, nitakuja kushika taa.

Ndugu wa Iyumbu, Thailand naikubali kama tukio, siikubali kama ushahidi. Watu wale walikuwa tayari wamepinduliwa serikali yao. Walihitaji ishara isiyohitaji maneno na wakaiokota sinemani. Muvi iliwapa vidole. Hasira walikuwa nayo tayari.

Mpenda muvi, Iyumbu

Vidole si haba mkuu. Hasira bila ishara mnabaki kila mtu na yake chumbani.

Dada wa Kondoa

Nimewasoma kaka zangu na mwalimu wetu. Naona mnagombania Hollywood tu, wakati jirani yetu ameshatengeneza inayotuhusu.

Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009. Haizidi nusu saa. Ni miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya makazi yaliyofungwa, nje inasemekana kila kitu kimekufa. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, umeme unatokana na watu kukanyaga mashine za mazoezi, na ukiota ndoto unaamriwa umeze kidonge. Asha, anayetunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inaota. Anataka kutoka nje kuipanda, baraza linamkatalia.

Kilichonishika ni lile baraza. Si mashetani, wana hoja. Maji ni machache, wakilegeza sheria wote wanakufa. Nikaikumbuka kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973 kwa sababu milima ya Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lile. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, leo wageni wanaletwa kutazama yale mafanikio. Lakini kwa mzee aliyeswaga ng'ombe wake kuwatoa, huku mahari ya wanawe na maziwa ya wajukuu vikiondoka kwa miguu, ilikuwa siku ya kiama. Miaka ilipita kabla ya kuruhusiwa ng'ombe wachache wa kulishiwa zizini.

Nani alikuwa dhalimu hapo? Kwenye Hunger Games unamjua dakika ya tano, kavaa ua jeupe. Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada kwamba muvi nyingi zinatudekeza kwa kutupa mbaya aliye wazi. Simkubali anapozitupa zote. Pumzi iliniachia swali la Kondoa ambalo nyumbani hatukuwahi kulizungumza, maana wazee walikuwa wanalia au wananyamaza. Na kwa taarifa yako kaka, stelingi wa mle anammiminia mche maji yake ya mwisho, analala juu yake kuukinga jua, na hasimami tena. Ulishaiona?

Mleta mada, Nkuhungu

Sijaiona, nitaitafuta leo. Nasisitiza lakini: tukihesabu muvi zilizopita kwenye vibanda vya hapa Dodoma mwaka mzima, hiyo imo? Naongelea kinacholiwa, si kilichopo ghalani.

Mwenye kibanda, Majengo

Mmenitaja tangu juu, nami nijibu. Mimi naonesha kinacholipa. Mpira kwanza, halafu ngumi na Wakorea, halafu hizo za roboti kama zimetafsiriwa na mtu mwenye maneno. Hiyo Pumzi dakika ishirini, kiingilio nitoze shilingi ngapi? Na ina mazungumzo machache, mtafsiri atasema nini muda wote huo?

Dada wa Kondoa, nikupe nafasi Jumamosi kabla ya mechi, watu wakiwa wanaingia. Mkipenda mwalimu naye aje na karanga zake, atasikilizwa, wateja wangu wanapenda mzee anayejua kusimulia.

Mleta mada, Nkuhungu

Nami nije na zile kumbukumbu za Makutupora? Dakika tano tu, grafu moja ukutani.

Mwenye kibanda, Majengo

Grafu hapana mkuu. Nina wapangaji wa viti pale.

Dada wa Kondoa

Mpe hizo dakika tano. Akishindwa kuwashika watu kwa grafu, atajua kwa nini Kahiu alimtafuta Asha.