Nani kasema Waganda hawalipii muziki? Tunalipa kila siku, hela zinaishia wapi?

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Juzi redioni hapa Busia, mpakani na Kenya, promota mmoja alisema, tena kwa kujiamini, kwamba wanamuziki wa Uganda ni maskini kwa sababu wasikilizaji wetu wamezoea vya bure. Mtangazaji akaitikia "kweli kabisa", wakaendelea na mengine. Jamani, bure ipi hiyo?

Mchukueni kijana wa boda hapa mpakani. Asubuhi ananunua bando. Ndani ya bei ile kuna VAT ya asilimia 18, na kuna ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data Julai 2021, baada ya serikali kuiacha ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Bando likishaingia linaishia YouTube, kwenye nyimbo. Jioni anapeleka memori kadi kibandani, anatoa 2,000 ajaziwe nyimbo mpya. Na kila anayempigia simu anasikia wimbo kabla hajapokea, ambao yeye kijana anakatwa salio kwa ajili yake. Huyo kalipia muziki mara tatu kabla ya kulala! Serikali imepata, kampuni ya simu imepata, mwenye kibanda kapata. Aliyeimba je?

Hiyo miito ya simu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu yamenikuta. Napiga besi kwenye bendi ya hapa hapa, tunaimba Kiswahili na Kisamia, harusi nyingi za upande huu mnatujua. Wimbo wetu mmoja uliwekwa kuwa mwito wa simu kupitia wakala. Ukashika. Tuliusikia kwa masikio yetu kila tukimpigia mtu: mwalimu, fundi, hata karani wa forodha. Tukauliza mgao. Wakala akasema kampuni haijatuma. Kampuni ikasema mkataba wake ni na wakala, sisi haitujui. Tukazungushwa hivyo hivyo, mwisho ikaja meseji yenye jumla moja tu. Haisemi waliouchukua ni wangapi, walikatwa shilingi ngapi kila mmoja, wakala kachukua fungu gani. Jumla tu, na hela yenyewe haikutosha kununua seti ya nyuzi za besi.

Sasa nielezeni. Mtambo huo huo ukifika muda wa kukata salio la mteja haukosei hata shilingi moja. Unajua namba yake, unajua saa, unajua wimbo. Ukifika muda wa kumlipa mwenye wimbo, ghafla hesabu haipo. Huo si ubovu wa mtambo. Kuna watu wameamua tusione hesabu.

Wazee wataniambia enzi za kaseti zilikuwa mbaya zaidi. Ni kweli, sibishi. Mfanyabiashara wa Kampala alikuwa anakununua wimbo mara moja, anakupa noti mkononi, kisha anauza mpaka wajukuu zake wanauza. Lakini wakati ule nani angehesabu kaseti zilizorudufiwa majumbani kwa redio za deki mbili? Udhuru ulikuwepo. Leo kila mguso wa kioo unaandikwa mahali, udhuru umebaki wa nini?

Na msinielekeze Spotify, ile programu ya kusikiliza nyimbo mtandaoni, kana kwamba ndiyo dawa. Imeingia Uganda Februari 2021, sawa. Lakini hela yako ya mwezi haimfuati yule unayemsikiliza. Inatupwa kwenye chungu kimoja, kisha inagawanywa kwa kuangalia nani kasikilizwa zaidi kwa jumla. Ukilipa halafu ukasikiliza bendi za Busia peke yake mwezi mzima, sehemu kubwa ya hela yako inakwenda kwa vigogo ambao hukuwagusa. Tena tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati kitu kabisa. Watu wetu wanasikiliza kwenye memori kadi na spika za Bluetooth, na kule hakuna anayehesabu.

Wameharibu hata muziki wenyewe. Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa ukishasikilizwa sekunde 30, kwa hiyo prodyuza anatuambia toeni gitaa la mwanzo, kiitikio kianze moja kwa moja, mtu asije akaruka. Mzee Moses Matovu wa Afrigo, bendi iliyo hai tangu 1975, angebanwa hivyo saksafoni yake ingepumulia wapi?

Asije mtu hapa kuniambia nachukia teknolojia. Mwimbaji wetu Jose Chameleone alilazimika kwenda Nairobi, studio ya Ogopa Deejays, ndipo asikike. Leo mtoto wa Arua anarekodi chumbani kwake. Eddy Kenzo alipaa 2014 kwa video ya watoto wa Ghetto Kids wakicheza, na 2015 akachukua tuzo ya BET ya Marekani. Kituo gani cha redio cha Kampala kingemfikisha pale? Simu na intaneti vimetufungulia mlango, nashukuru. Ugomvi wangu ni na walioshika daftari la hesabu.

Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2006. Chama cha kukusanya mirabaha kipo tangu 1985. Redio ndiyo hata sitaki kuianza, maana kuna wanaopiga wimbo wako halafu wewe ndiye unaombwa "kitu kidogo".

Ninachotaka ni kimoja: kila mwenye wimbo apate taarifa ile ile anayoipata kampuni. Wangapi wameuchukua, siku ngapi, wamekatwa kiasi gani, wakala kabaki na nini. Mteja anatumiwa meseji papo hapo akikatwa. Na mwanamuziki atumiwe.

Kama uko kwenye bendi, au umewahi kuweka wimbo kwenye miito, weka hapa chini picha ya mgao uliotumiwa. Ficha namba yako na jina la wakala. Tuzipange pamoja, tuone kama kuna hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa idadi ya wateja.