Tupeane uzoefu: tapeti za pikapu ya dizeli, yaani nafasi za valvu zake, ziliwahi kukufanya nini?

Baridi ya Njombe
Wakuu habari za asubuhi. Leo saa kumi na mbili nimeamshwa na pikapu ya jirani, imepigwa stata kwenye hii baridi yetu inagonga tak tak tak tak mpaka kuku wametoka bandani, nikajikuta nacheka peke yangu kitandani maana nimekumbuka yangu. Ilikuwa Isuzu 4JA1, ile injini ya lita 2.5 ya pushirodi, zile fimbo za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini, nilinunua mkononi kwa mtu 2016 na ilikuwa inagonga hivyo hivyo. Mimi na ushamba wangu nikawa naona aibu kupaki nayo kanisani, nikampelekea fundi nikamwambia sitaki kusikia huo mlio. Akafungua kava la tapeti, hakushika fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu, wala nini, anakaza anatikisa roka, ule mkono unaobonyeza valvu, kwa kidole, anakaza anatikisa, dakika ishirini kafunga. Gari likanyamaza kama ndogo ya petroli. Nikamuongezea na hela ya soda.

Miezi mitatu baadaye asubuhi haiwaki. Inazungushwa mpaka betri inalia, ikikubali inamwaga moshi mweupe na inatembea na silinda tatu mpaka ipate moto. Nikabadili glo plagi, nikapeleka nozeli kupimwa, pampu ikashushwa, hela inakwenda tu. Kuja kufungua silinda hedi, valvu ya ekzosi, ule mlango wa kutolea moshi, ya silinda namba 3 imeliwa ukingoni kama biskuti iliyong'atwa na panya. Kumbe jamaa alizibana. Valvu ikipata moto inarefuka, sasa kama hakuna nafasi haikai vizuri kwenye siti, inabaki wazi unywele tu, moto unapenya hapo hapo, na yenyewe inapoa kwa kuikalia hiyo siti, isipoikalia inaungua. Na ubaya wake HAIPIGI KELELE, unashangilia tu gari limetulia.

Haya, na nyie zenu?

Konda Mstaafu
Kweli tupu. Inayogonga unaisikia, iliyobana inakutafuna kimya kimya.

Fundi Kiraka
Mnatutukana mafundi kila siku. Mi nina miaka 22 kwenye grisi, fila geji yangu iliibwa kitambo, tangu hapo natumia nyembe, zile za kisu pande mbili. Wembe mmoja ni kama milimita 0.10, ukibananisha nyembe nne ndo 0.40 anayotaka Isuzu, in (valvu ya kuingiza hewa) na ekzosi sawa. Puli unaweka kwenye alama, silinda namba 1 iwe juu kwenye kompresheni, yaani roka zake zote mbili zinacheza, hapo unaset namba 1 zote, namba 2 in, namba 3 ekzosi, alafu krenki, ile shafti kuu ya injini, raundi moja kamili unamalizia zilizobaki. Ukiona zinazocheza ni za namba 4 ujue uko raundi ya pili, usianze kubisha. Na injini iwe IMEPOA.

Bampa kwa Bampa
Nyembe?? Ndo maana magari yetu yanakufa. Na nani kakudanganya iwe imepoa, tapeti zinasetiwa injini ya moto, mi nimefundishwa hivyo gereji ya maana sio chini ya mwembe.

Fundi Kiraka
Chini ya mwembe ndo kuna kivuli dogo.

Mama wa Nyanya Ilula
Mnabishana magari mawili tofauti nyie. Isuzu hizo 4JA1 na 4JB1 ni ya baridi, 0.40. Mitsubishi L200 ya 4D56 ni ya moto, 0.25. Nissan TD27 nayo ya moto, 0.35. Ukichukua kipimo cha ya moto ukakiweka kwenye ya baridi ndo unapata kilichompata ndugu yetu wa Njombe. Mi nimemiliki zote tatu kwa ajili ya nyanya, na fundi akimaliza silipi kwanza, namwambia azungushe krenki kwa mkono raundi mbili apime tena mbele ya macho yangu. Wananichukia lakini valvu zangu nzima.

Bampa kwa Bampa
Sawa mama, ila nyembe sikubali.

Mjukuu wa Mahenge
Dah mmenitonesha. 2013 tulikuwa tunamsafirisha baba mdogo kwenda kuzikwa Mahenge, na gari lenyewe ni Isuzu pikapu aliyokuwa anaendesha yeye mwenyewe miaka tisa. Usiku wa kuamkia safari kaka akasema haiwezekani tumpeleke mzee na gari linalogonga hivi, akaitwa fundi akaset kwa tochi ya simu, huku watu wanaimba, huku mtu anamletea chai, nadhani hapo ndo alipochanganya. Tukatoka Moro usiku ule ule, Mikumi salama, Kidatu salama, pale lami ilipoisha tukaanza kula vumbi kuelekea Ifakara maana lazima tuwahi kivuko cha Kilombero, kipindi hicho daraja bado. Mara tak. Kaka anasema jiwe hilo. Tak tak. Tumepita Mang'ula kidogo ikapiga PAAA kama bunduki, tena sio kwenye bomba la moshi, kwenye ea klina, chujio la hewa! Ikaendelea paa, paa, gari linatetemeka, jeneza linatetemeka, wamama wa nyuma wakaruka wote chini.

Mama mkubwa akakaa kwenye majani akasema gari haliendi, mwenyewe hataki. Akasimama akalisogelea jeneza akamwita kwa jina la utotoni, akasema kama ni ile baiskeli ya kaka yako tutairudisha, twende baba, usitutie aibu njiani. Wanaume wote kimya. Mi ndo kwanza nasikia kuna baiskeli.

Akapita kijana na mzigo wa miwa, akasema yeye ni utingo wa trekta la miwa, akaomba spana. Kufungua kava, skrubu ya roka ya ekzosi silinda ya pili imejifungua yote na pushirodi imelala pembeni, nati ya loki haikukazwa! Ekzosi haifunguki, moshi hauna pa kutokea, in ikifunguka moto wote unarudi mdomoni. Kijana akaichomoa ile rodi, akaivingirisha kwenye kioo cha mlango kuona kama imepinda, akasema iko sawa, akarudisha, akaset kwa macho, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakutaka hela, alichukua soda mbili za msibani akaondoka. Kivuko tukakikuta ng'ambo, tukazika kesho yake.

Msoma Kimya
Miaka sita nasoma tu humu leo nimeingia kuuliza, baiskeli ilirudishwa?

Konda Mstaafu
Nimecheka kama mazuri. Baiskeli mkuu, baiskeli.

Fundi Kiraka
Achaneni na baiskeli. Nati ya loki unashikilia skrubu kwa bisibisi usiiache izunguke, ukishakaza unapima TENA, maana ukikaza inavuta. Hapo ndo vijana wanapokosea.

Mzee wa Busara
Nyie cheka tu. Kwanini ijifungue hapo hapo na sio Mikumi? Marehemu ana namna yake ya kudai haki.

Bampa kwa Bampa
Mzee kwa heshima zote, ni mtetemo wa barabara mbovu. Lami ya Mikumi haitikisi nati.

Mzee wa Busara
Na we kesho ukifa utajua.

Kijana wa Maua
Hapa Meru, Kenya, pikapu za miraa ni Hilux, za injini 3L na 5L, hizo hazina hiyo skrubu mnasema, ziko na shimu, visahani vya chuma vya unene tofauti, juu ya kikombe cha tapeti. In ni 0.20 mpaka 0.30, ekzosi 0.40 mpaka 0.50, injini ikiwa baridi. Sasa kuna makanika alitoa shimu zangu akaenda kuzisaga na grainda ndio zitoshe, akaniambia boss hii ni ujanja ya mafundi wa zamani. Ile ngozi ngumu ya juu ikaisha, wiki mbili kamshafti, ile shafti inasukuma valvu, imeanza kula shimu, na gari ya miraa haiwezi lala, mzigo ukichelewa inakuwa majani ya mbuzi. Siku hizi nasema pima zote nane, andika kwa karatasi, zingine unabadilishana tu kati ya valvu na valvu, unajikuta unanunua mbili ama tatu pekee.

Jua la Utosi
Mi nina 3L inagonga, kwahiyo nikaze wapi?

Kijana wa Maua
Boss. Soma tena.

Jua la Utosi
Kuna mtu kaniambia niweke oili nzito mlio utaisha.

Mama wa Nyanya Ilula
Utaisha na wewe utaisha. Oili nzito asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye roka na kamshafti. Pima kwanza mwanangu.

Konda Mstaafu
Ushauri wa bure, uza pikapu nunua bodaboda.

Fundi Kiraka
Bodaboda nayo ina tapeti.

Mjukuu wa Mahenge
Nimerudi. Baiskeli ilirudishwa baada ya arobaini, mama mkubwa aliisukuma mwenyewe mpaka kwa baba mkubwa. Pikapu tuliiuza 2015 na mpaka inaondoka ile roka ya kijana wa miwa hakuna aliyeigusa tena.

Mzee wa Busara
Sasa mnaniona mjinga?

Baridi ya Njombe
Nimeenda kumgongea jirani nikamwambia asiifanye inyamaze, apime kwanza. Kasema yake ni 4JB1, fila geji hana. Tumezunguka maduka matatu kutafuta nyembe nne, wana zile za plastiki tu za kunyolea mara moja. Mwenye fila geji Njombe mjini aniazime mpaka jioni, naacha kitambulisho.